Mwalimu Aliyeketi Kando ya Mlango

Wakati ule chai ilikuwa bado changa kwetu, haijafika hata magotini mwa mtu mzima, na ukungu wa asubuhi ulishuka hadi chini ukakaa kama mgeni asiye na haraka. Mtu hakuonekana akija, alisikika kwanza. Mwalimu alisikika kwa wimbo. Aliuvumisha puani, wimbo wa kanisani usio na maneno, na ulipokaribia ndipo ukungu ulipomtoa kidogo kidogo: kofia, mabega, kisha mkono ulioshika viatu. Viatu hakuvivaa njiani. Alivibeba kutoka kwake hadi shuleni, akaosha miguu mferejini, akaipangusa kwa nyasi, akavivaa. Hapo wimbo ulikoma na ualimu ukaanza.

Hivyo ndivyo anavyonijia hata sasa, hasa nikiwa nusu usingizini. Siku nyingine anakuja na sauti yake tu, na mimi naamka bila kujua kama nimemkumbuka au nimemwota. Nayaandika haya kama yanavyonijia, bila kuyapanga kwa miaka.

Alikuwa mtu wa upande wa ziwa. Watu wa kwao walikuwa wengi katika mashamba ya chai, wachumaji na makarani, lakini yeye hakuja kwa ajili ya chai. Aliletwa na serikali kufundisha katika shule yetu, si mbali na Kapsoit. Ilikuwa nyumba ndefu ya udongo yenye paa la mabati, na mvua ya mawe ilipoanguka juu yake hakuna aliyemsikia mwenzake. Mwalimu hakushindana na mvua ile. Aliweka chaki mezani, akafumba macho, akatabasamu kama mtu anayekandwa mgongo. Sisi wanafunzi tulikaa tu, tukiangalia uwanja ukigeuka mweupe.

Hakumwogopa mzungu wala chui, lakini alimwogopa kinyonga. Siku moja kinyonga alionekana kwenye dirisha, na Mwalimu akapanda juu ya benchi na kuendelea kufundisha hesabu kutoka huko juu, sauti ileile, mpaka mmoja wetu alipomtoa mdudu yule kwa kijiti. Alishuka, akapangusa benchi, akasema, "Sasa mmejua. Kila mtu ana bwana wake." Kucha chafu alizichapa bila huruma. Chaki aliitumia mpaka ikawa kipande kisichoshikika, kisha akakihifadhi mfukoni. Lugha yetu ya Kipsigis alijifunza kutoka kwetu, na kwa kuwa sisi tulikuwa wakorofi, kwa muda mrefu aliwasalimu wazee kwa salamu za kina mama. Alipogundua, alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akatuchapa wote.

Shule ile ilikuwa ya serikali, si ya misheni, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa kuliko jengo lenyewe. Wazee waliikubali kwa sababu hiyo tu. Baba yangu alikuwa miongoni mwao. Yeye ndiye aliyewasha moto wa sadaka kule kilimani, watu wetu walipokusanyika kumwomba Asis, Mungu ambaye jua ni jicho lake. Hakuwa mtu wa kuleta watoto shuleni. Lakini alikuwa ameona jinsi ardhi ilivyochukuliwa kwa karatasi, na akasema kwamba mtu akipigwa kwa silaha asiyoijua, ni heri watoto wake waijue. Akatuleta wawili, kaka yangu mkubwa na mimi.

Siku ile alimtazama Mwalimu kuanzia kofia hadi viatu. Walizungumza Kiswahili, ambacho baba alikipata sokoni na kwenye kazi ya barabara.

"Wewe umetahiriwa?"

"La, Mzee. Kwetu tunang'oa meno." Mwalimu akafungua mdomo akaonyesha pengo la chini.

Baba akainama kulitazama. Kisha naye akafungua mdomo wake, kwa maana sisi pia tulikuwa tukiwang'oa watoto meno ya chini, ila machache. "Nyinyi mnazidisha," akasema. "Lakini kama hujatahiriwa, wewe ni mtoto."

"Ndiyo, Mzee. Hapa kwenu mimi ni mtoto. Ila ni mtoto anayejua kusoma."

Baba alicheka mpaka akaegemea fimbo yake. Kisha kicheko kikaisha ghafla, kama kawaida yake. "Mimi naleta hawa wasome karatasi. Sitaki mtu awamwagie maji kichwani."

"Hakuna atakayewalazimisha, Mzee."

Nilikuwa nimesimama hapo katikati yao na niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Baadaye yalikuja kupimwa na kupimwa tena.

Mtu angedhani mwalimu wa namna hiyo alikuwa na dini nyepesi. Sijamjua Mkristo mzito kuliko yeye. Aliomba kabla ya kula na kabla ya kufungua mlango wa darasa. Niliwahi kumwona akiomba kabla ya kuvuka daraja la magogo wakati wa mafuriko, na baada ya kuvuka akageuka akashukuru. Jumapili alivaa koti jeusi lililokuwa limepauka mabegani, akatembea na mkewe hadi kanisani bila kujali mvua. Lakini shuleni hakumwambia mtoto yeyote apige magoti. Tulipomuuliza kwa nini, alisema, "Fimbo inaweza kumfundisha mtu kunawa mikono. Haiwezi kumfundisha kupenda uji." Alikuwa na misemo mingi ya aina hiyo, mingine haikuwa na maana sana, na alijua.

Kila Jumatano Mhubiri alikuja. Huyu alikuwa kijana wa kwetu, Mkipsigis, mmoja wa watu wa kwanza kubatizwa katika eneo letu. Baba yake mwenyewe alimfukuza kwa ajili hiyo, akalala katika ghala la misheni mpaka akapata kibanda chake. Nasema haya ili asidhaniwe kuwa mtu mbaya. Imani ilikuwa imemgharimu kila kitu, na alishindwa kuelewa jinsi mtu mwingine angeweza kupewa nafasi ya kuichagua au kuiacha, kama mtu anayechagua boga sokoni.

Serikali iliruhusu misheni ifundishe dini shuleni, na Mwalimu alilipokea somo lile vizuri. Alitandika kitambaa mezani kwa mkono wake. Lakini alisema kwamba watoto ambao wazazi wao hawakutaka, wasiingie. Mwanzoni aliwapeleka bustanini kulima. Punde wakaanza kuitwa "watu wa jembe," na wadogo wakalia. Mwalimu akaona kwamba amewaadhibu bila kukusudia. Basi akawakalisha nje kwenye nyasi na kuwafundisha hesabu. Sasa wale wa ndani wakalalamika kwamba wa nje wanawapita katika hesabu, na Jumatano moja nusu ya watoto wa Mhubiri walitoka wakaja kwenye nyasi. Mwalimu aliwarudisha ndani mwenyewe, mmoja mmoja, akiomba radhi. Mwishowe wa nje walipewa muda wa kusimuliana hadithi za kwao, na yeye akaketi nao akisikiliza, akitikisa kichwa. Nadhani hayo ndiyo masaa matamu kuliko yote niliyopata shuleni: jua jembamba la saa nne, nyimbo zikitoka dirishani, na mtoto mmoja akisimulia jinsi fisi alivyodanganywa na sungura.

Halafu likaja neno la kupanda darasa. Mhubiri alitangaza kwamba kuanzia mwaka ule, mtoto asiyeweza kujibu maswali ya imani na asiyekubali kuandikishwa kwa ubatizo hatapanda darasa la tatu. Alisema wazungu wa misheni wamekubaliana na hilo. Kaka yangu na mimi tulikuwa tunangojea kupanda. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai, kisha akasema mbele yetu sote:

"Ndugu yangu, katika shule hii mtoto atapanda kwa kusoma, kuandika na hesabu."

"Unamzuilia Bwana watoto."

"Simzuilii mtu. Mlango uko wazi. Ninachokataa ni wewe kusimama mlangoni na fimbo."

Mhubiri aliacha chai ile ikiwa inatoa mvuke. Baada ya siku chache mkaguzi wa shule, mzungu mrefu aliyekuwa na kikohozi, akaja kusikiliza shauri. Wazee nao wakaja, wakakaa kwenye nyasi za uwanja na mablanketi yao. Ukungu haukuwa umeondoka vizuri, na sura zao zilionekana na kupotea.

Mkaguzi alimuuliza Mwalimu kwa Kiswahili, "Wewe ni Mkristo au si Mkristo?"

"Mimi ni Mkristo, Bwana."

"Basi huoni vizuri watoto hawa wawe Wakristo?"

"Ninaona vizuri sana. Ninawaombea kila siku." Akawageukia wazee. "Lakini niliwaahidi wazee hawa kwa jina la serikali yako. Nikimdanganya mzee, kesho nitamwambiaje mtoto wake kwamba Mungu hadanganyi?"

Baba akasimama. Hakungoja kuitwa. "Bwana, mimi naleta mtoto asome karatasi. Kama mnataka kichwa chake pia, leo naenda na yeye. Na hawa wote wanaenda." Akainua fimbo, na wazee wakaanza kusimama mmoja baada ya mwingine, na mablanketi yakapanda kama kundi la korongo.

Mkaguzi alikohoa kwa muda. Shule tupu isingekuwa habari njema mbele ya wakubwa wake, na nadhani hilo lilimsaidia kufikiri. Akaamua kwamba somo la Jumatano litaendelea, kwamba mtoto atakayelikataa asisumbuliwe, na kwamba kupanda darasa ni kwa masomo tu. Wazee wakaketi tena. Baba alimpa Mwalimu mkono, na baba hakuwa mtu wa kutoa mkono ovyo.

Malipo yalikuja Jumapili. Baraza la kanisa lilimwita Mwalimu likamwambia kwamba amewatetea wapagani dhidi ya Injili, na mpaka atubu mbele ya watu hatashiriki meza ya Bwana wala hataketi pamoja na washirika. Watu walidhani ataacha kwenda, au ataenda kanisa jingine. Yeye aliendelea. Alivaa koti lake lilelile, akatembea na mkewe, na walipofika mlangoni mke aliingia upande wa wanawake, naye akaketi kwenye gogo lililokuwa ndani kidogo tu, kando ya mlango, mahali walipokaa wageni na wenye kukohoa. Aliimba kutoka hapo. Sauti yake ilikuwa ndiyo nzito kuliko zote, kwa hiyo wimbo wote ukawa unavutwa kutoka nyuma. Mkate ulipopitishwa aliinamisha kichwa. Mkewe, mama mpole aliyekuwa akitupa viazi vitamu, alianza naye kukataa mkate, na Mwalimu ndiye aliyemsihi aupokee. "Mmoja wetu ale," alimwambia. Mke mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

Niliwahi kumuuliza kama hakuona uchungu. Nilitarajia msemo. Alisema tu, "Naona," kisha akaendelea kusahihisha hesabu zetu.

Na sasa lile ninaloliona zito kuliko yote. Kaka yangu alikuwa mmoja wa wale wa nje, wa kwenye nyasi. Alisikia nyimbo za dirishani kila Jumatano, na sijui ni lini alianza kuzisikiliza. Tulipokuwa darasa la nne, wakati nzige walipokula mtama wetu, alimwendea Mwalimu akasema anataka kubatizwa. Mwalimu hakushangilia. Alimwambia angoje msimu mmoja upite, akamwambie baba kwanza, kwa mdomo wake. Kaka alingoja. Kisha akamwambia baba, jioni ng'ombe wakiingia zizini. Baba hakupiga kelele. Alikwenda akafunga lango, kaka akiwa nje.

Asubuhi baba alifika shuleni kabla ya wimbo. Alimngojea Mwalimu kwenye mfereji, akamkabili akiwa na mguu mmoja majini.

"Uliniambia hakuna atakayewamwagia maji."

"Nilisema hakuna atakayewalazimisha, Mzee."

"Ni kitu kimoja."

"Si kimoja." Mwalimu alisimama vile vile, mguu mmoja ndani ya maji, viatu mkononi. "Siku ile nilisimama upande wako kwa sababu hawakutaka mtoto achague. Leo nikisimama tena upande wako, nitakuwa nimesimama na Mhubiri."

"Basi simama peke yako," baba akasema.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kaka alilala kwa Mwalimu, akabatizwa, akala chakula cha nyumba ile mpaka alipomaliza shule. Mhubiri, aliyeufurahia ubatizo ule kwa moyo wote, hakumsamehe Mwalimu kwa yale ya nyuma. Baba hakumsalimu tena. Wakikutana njiani baba alitazama chai, upande wa kushoto au wa kulia, kana kwamba aliipanda yeye. Nami niliendelea kukaa kwenye nyasi kila Jumatano. Sikubatizwa, na Mwalimu hakunitazama kwa jicho tofauti hata siku moja. Nyumbani nililala peke yangu mahali tulipokuwa tukilala wawili.

Baadaye serikali ilimhamisha kwenda upande wa Longisa. Kaka alimfuata, akawa mwalimu msaidizi huko, akaoa. Mimi nilipata kazi ya ukarani katika kiwanda cha chai, na habari zao nilizipata kwa wapita njia, zikiwa zimechakaa. Nilisikia kwamba kanisa la kule lilimwambia Mwalimu atubu ili apokewe, na alisimama mbele ya watu akatubu hasira zake, kiburi chake na uvivu wake wa Jumamosi. Walipomuuliza kuhusu lile jingine alisema hilo bado anamuuliza Mungu. Wakamrudisha mlangoni.

Miaka mingi ikapita. Siku moja ya mapumziko nilikuwa natembea kuelekea nyumbani, upande wa Sigowet, mchana, mvua ikiwa imenyesha na kukoma na jua kutokea, barabara yote ikitoa mvuke. Ndani ya mvuke ule nikaona mtu ameketi kwenye jiwe. Nilimpita kabla ya kumjua. Alikuwa amekonda, kofia imekuwa kubwa kuliko kichwa.

"Mwalimu?"

"Nimekuja kwenu," akasema, "halafu miguu ikaniambia nipumzike kwanza. Lakini si miguu. Ni woga."

Alinieleza kwamba mkewe alikuwa mgonjwa tangu mavuno. Dawa za hospitali zilikuwa zimejaribiwa. Kanisa lilikuwa limeomba. Yeye mwenyewe alikuwa ameomba mpaka maneno yakamwishia.

"Nipeleke kwa baba yako. Nataka amwombee."

"Mwalimu, baba anamwomba Asis."

"Najua anamwomba nani. Twende."

Baba alikuwa ameketi mbele ya nyumba akiota jua. Macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na weupe, akawa anatambua watu kwa sauti. Nilimsalimu. Mwalimu akamsalimu kwa Kipsigis, salamu sahihi, ya mzee kwa mzee. Kuku alipita kati yao. Nilifikiri baba ataingia ndani.

"Umezeeka," hatimaye baba akasema. "Sauti yako imezeeka."

"Ndiyo, Mzee. Mke wangu anaumwa. Nimekuja unisaidie kumwomba Mungu."

"Wewe una wako."

"Nimemwomba. Leo nimekuja kwako."

Baba aliipapasa fimbo yake. Kisha akaniita nimwinue. Mama akaleta maziwa ndani ya kibuyu. Baba akaligeukia jua, jua la alasiri lililokuwa limeanza kwenda upande wa ziwa, akanyunyiza maziwa kwenye nyasi, akaomba kwa sauti ile ya kilimani niliyodhani imemtoka. Alimtaja mama yule kama mke wa mtoto wake. Alimwomba Asis ampe pumzi, ampe usingizi, amrudishe jikoni kwake. Mwalimu alikuwa amevua kofia, amefumba macho. Mahali ambapo wazee wenzake baba wangemwitikia, hapakuwa na wazee. Tulikuwa mimi na yeye tu. Basi Mwalimu akaitikia, "Amina," na baba akasita kidogo, kisha akaendelea, na kila alipofika mahali pa kuitikiwa akasita tena, akingojea Amina.

Walipoketi, mama aliwapa maziwa. Hawakuzungumza juu ya siku za mfereji. Walizungumza mvua na mifugo. Mwalimu aliposimama kuaga, baba akamshika mkono wa koti.

"Yule aliye huko kwako," akasema. "Ana mtoto?"

"Ana msichana, Mzee."

"Anafanana na nani?"

Mwalimu alifikiri. "Asipokasirika, na mama yake. Akikasirika, na wewe."

Baba alimwachilia. Nilimsindikiza Mwalimu hadi barabarani, naye akaenda zake katika mwanga ule wa mvua iliyopita, akitembea upesi kuliko alivyokuja. Mkewe alipona mwaka ule, akaishi. Sijui ni maombi ya nani, na sikuwahi kumsikia Mwalimu akilisema.

Niliporudi nilimkuta baba bado ameketi palepale, uso wake ameuelekeza barabarani, ingawa hakuweza kuiona.

"Mwambie mama yako atafute kibuyu kidogo," akaniambia. "Akisafishe vizuri. Kuna mtoto atakuja."